Ni Mimi Niliyekufundisha Kuvua

Kokugonza,

Miaka miwili hujakanyaga hapa. Kutoka Nshambya unakokaa hadi kwetu ni gari moja na bodaboda moja, na mtu akikosa bodaboda anatembea, miguu unayo, niliilisha mwenyewe. Krismasi mbili nimemenya ndizi za watu wawili nikazila peke yangu. Tumbo liliniuma mara zote mbili, na maumivu hayo ninakudai wewe.

Simu usinitajie. Kwenye simu unasema, "Mimi mzima bibi, na wewe je?" Kisha unakata kabla sijakujibu.

Ma Adela anasema barua huanza kwa salamu. Nimemwambia salamu wanapewa watu wanaokuja. Ndiye anayeandika, huyu huyu jirani yetu aliyekufundisha a e i o u pale chekechea. Mimi kalamu hatujuani. Maneno ni yangu yote, na nimemkataza kuyapunguza makali. Tumekaa barazani, jua bado liko juu ya migomba, na ananiangalia kwa jicho la mwalimu kwa sababu nasema haraka.

Shangazi yako ndiye aliyeniambia, si wewe, kwamba kesho jioni unapanda meli kwenda Mwanza, na kutoka Mwanza ni basi mpaka Tabora, umepata kazi ya uuguzi kwenye zahanati huko vijijini. Nimeambiwa kama anavyoambiwa mtu wa kupita njiani. Nilikulea tangu mwanangu, baba yako, alipofariki na mama yako akaolewa Karagwe. Ulikuwa na miaka mitano na meno mawili ya mbele hayapo. Sasa unakwenda mbali, na habari naipata kwa shangazi, tena katikati ya habari za bei ya sukari.

Basi Ma Adela atapanda gari la kwanza kesho asubuhi, akuletee barua hii mkononi. Nimemwambia asikupe na kuondoka. Akae kitini, umsomee kwa sauti mpaka mwisho, ili nijue hukuruka mahali.

Sitakuambia uchemshe maji wala uvae sweta. Nesi ni wewe. Chumba kikivuja utaona mwenyewe. Nina jambo moja tu, na unalijua. Ni siku ile ya perege tisa.

Kabla ya kufika huko lazima nirudi nyuma, maana uongo wa siku ile ulikuwa na mizizi, na mizizi hiyo hujawahi kuonyeshwa.

Unajua kwamba kwetu mwanamke kuvua si kosa. Mvua zikizidi, mto ukifurika na kuacha madimbwi kwenye mafunjo, tunaingia wanawake wote na vikapu, tunachota furu, wale samaki wadogo, tunaimba, tunatoka na matope mpaka mapajani, na wanaume wanatucheka kutoka ukingoni. Hiyo wanaihesabu kazi ya jikoni iliyotoka nje kidogo. Kosa ni ndoana. Kushika ufito, kukaa ukingoni umenyoosha miguu, kutazama kiboya bila kumjibu mtu, hiyo ni haki ya mwanaume. Nilipoolewa, siku ya tatu tu mama mkwe alinikalisha chini akaniambia, "Mwanamke akishika ndoana, mto unafunga mdomo. Ukiuruka ufito wa mumeo, autupe akakate mwingine." Nikasema kwa adabu, "Ndiyo, waitu." Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Kusema ndiyo hakukunigharimu kitu.

Kisha babu yako, Kamugisha, akapata kile kidonda cha mguu. Alijikwaruza kwenye gogo, kidonda kikageuka kikawa jambo la miaka. Tulimpeleka Rubya hospitalini, wakamtibu, kikapona, akakirudisha mwenyewe kwa kwenda kulima kabla ya wakati. Ukaidi wenu mnaurithi huko, usiusingizie upande wangu. Baba yako na shangazi yako walikuwa wadogo. Ndizi tulikuwa nazo, maharage yalikuwepo, lakini mtoto hakui kwa ndizi na maharage peke yake, na wale watoto wangu shingo zilikuwa zinaanza kuwa nyembamba.

Siku moja nikauchukua ufito wake. Nikavaa koti lake refu lile la kahawia na kofia yake, nikashuka mtoni asubuhi ukungu haujaondoka. Nilikaa mahali pake. Chambo nilikichimba kwenye kibanja chetu cha migomba, pale nyuma ya jiko ninapomwaga maji ya vyombo, kuna nyungunyungu wanene kama kidole. Sikujua kitu. Siku ya kwanza nilivua majani. Siku ya pili niliivua kofia ya babu yako kutoka kichwani mwangu mwenyewe. Siku ya tatu nikapata furu wawili wadogo, nikawapika, wakala watoto, mimi nikanywa mchuzi, na sijawahi kunywa mchuzi mtamu kama ule mpaka leo.

Nikaendelea. Miaka sita, Kokugonza. Watu wakivuka darajani wanaona koti na kofia kwa mbali, wanapunga mkono, nami napunga. Wakifika kwetu wanamkuta babu yako amekaa na mguu juu ya kigoda, wanamwambia, "Kamugisha, una moyo. Na kidonda hicho unashuka mtoni?" Unajua alijibu nini? Alisema, "Mtu hawezi kuacha watoto wake walale njaa." Na alisema kwa sauti nzuri. Alipokea sifa kwa mikono miwili, na mimi nilikuwa jikoni napara magamba ya samaki niliowavua, nacheka ndani ya kanga.

Nilikuwa nacheka kweli. Nilidhani ni utani wetu wawili. Alikuwa mtu mwema babu yako, hakunipiga hata siku moja, na jioni alikuwa ananichekea kwa jicho. Niliona nimempa zawadi. Alipokuwa hawezi kusimama, nilimsimamisha.

Lakini alipofariki, pale msibani, walisimama watu watatu mmoja baada ya mwingine wakaeleza habari za yule mvuvi asiyeshindwa na kidonda. Mdogo wake, Ta Ishengoma, alilia aliposimulia jinsi alivyomwona akiwa ukingoni kwenye mvua. Nilikuwa nimekaa kwenye majani na wanawake wenzangu. Nilisikia kazi ya mikono yangu miaka sita ikitajwa, ikisifiwa, kisha ikateremshwa kaburini na kufukiwa. Nilizikwa nikisikia.

Ma Adela ameacha kuandika anasema hilo la mwisho ni zito kwa binti anayesafiri. Nimemwambia ameandika barua za harusi mno.

Tangu siku hiyo koti halikuwa na maana tena, maana marehemu havui. Nikaukata ufito vipande viwili nikauunga kwa kijiti, nikawa naubeba ndani ya kikapu, nimefunika na nyasi. Nikikutana na mtu, nakwenda kukata nyasi za kutandika nyumbani. Nilikaa nyuma ya mafunjo pale kwenye kona mto unapotulia. Watu walijua nusu. Waliokula samaki wangu walijua yote. Kila Kwaresima ikifika, Ijumaa haina nyama, Ta Ishengoma alikuwa anatuma mtu kuuliza kama "kuna chochote." Chochote. Samaki wa mwanamke ni mwiko kuvuliwa, si mwiko kuliwa. Ni kama wale panzi wetu, nsenene, enzi za zamani. Sisi wanawake tunaamka tunawashika, tunawachambua miguu na mabawa, tunawakaanga, kisha tunaambiwa nsenene si chakula cha mwanamke.

Wewe nilikuchukua kwenye kona ile ukiwa na miaka sita. Unakumbuka? Nilikupa kiufito cha urefu wako na kiboya cha kipande cha kandambili chekundu. Nilikuambia: kikitetemeka tetemeka, huyo ni furu anachungulia, mwache. Kikienda upande kama mtu anayeondoka bila kuaga, huyo ni perege, mwinue. Kikizama chote kwa mara moja, huyo ni kambale, shika mti kwanza. Kiboya kikatetemeka, ukavuta kwa nguvu zako zote, ndoana ikarukia kwenye mafunjo na wewe ukaketi majini. Nikakuuliza, "Nani alikuambia uvute?" Ukasema, "Bibi, mimi sikuvuta. Samaki ndiye alinivuta, nikakataa."

Nilijua siku ile kwamba nimepata mtu.

Ulipofika miaka kumi ulikuwa unanishinda. Mimi naweka nyungunyungu mzima, wewe unakata kipande kidogo kinachofunika ncha tu, kwa sababu uliona mwenyewe kwamba mdomo wa perege ni mdogo. Perege havutwi kwa hasira, mdomo wake unapasuka anakwenda na maumivu yake. Unamwinua kama unamwinua mtoto aliyelala. Hiyo sikukufundisha mimi. Hiyo ulinifundisha wewe, na hilo pia sijawahi kulisema kwa mtu.

Na siku ile uliyoniuliza kuhusu vikapu. Ulikuwa umechota furu dimbwini, ukamwona mmoja anatema watoto mdomoni, wadogo kama mbegu za mchicha, wanahangaika kwenye kikapu. Ukalia. Ukaniuliza mbona kwenye ndoana hatuwapati mama kama hao. Nikakuambia mama mwenye watoto mdomoni hali kitu mpaka wakue, kwa hiyo chambo hakimtamanishi. Ukafikiri, kisha ukasema, "Basi ndoana ina huruma kuliko kikapu." Mtoto wa darasa la tatu. Wazee wote wa ukoo huu wamekaa kwenye vigoda maisha yao yote na hakuna aliyefika hapo.

Sasa nifike pale ninapokwepa.

Ulikuwa umekuja likizo kutoka chuoni. Mto ulikuwa umepungua kwa ukame na samaki hawaonekani, watu wakaanza kutafuta wa kumlaumu. Mimi nilikuwa na mgongo, nikakuambia nenda mwenyewe. Na wewe hukujificha. Hukuunga ufito vipande viwili, hukufunika na nyasi. Ulikuwa umekaa mjini, ulikuwa umesahau kuogopa. Ukaenda na ufito begani ukakaa peupe. Ta Ishengoma na wazee wawili wakakukuta na mtungo wa perege tisa, wakati watu wazima wamerudi mikono mitupu. Nadhani ni hao tisa waliowauma. Ungepata mmoja wangekuonya tu.

Wakakuleta nyumbani ukiwa mbele yao kama mwizi wa mbuzi. Nikawapa viti. Nikawapa kahawa ya kutafuna. Wakatafuna. Ta Ishengoma akauliza, "Shemeji, huyu mtoto nani amemfundisha ndoana?"

Ukaniangalia. Hukuwa na wasiwasi hata kidogo, hilo ndilo linaloniamsha usiku. Ulikuwa unangojea bibi yako ajibu, kama mtu anavyongojea chumvi apitishiwe.

Nikasema, "Sijui. Labda huko mjini."

Andika Ma Adela. Andika kama nilivyosema. "Sijui. Labda huko mjini."

Ta Ishengoma akauvunja ufito wako gotini. Ulitoa sauti ndogo sana ule ufito. Na wewe hukulia. Ulikwenda ukanawa mikono, ukawapara wale perege tisa, ukawapika na nyanya na bizari, ukawapakulia wazee watatu, ukapiga magoti kama ulivyofundishwa. Wakala. Ta Ishengoma alikula wanne. Na mimi nilikula mmoja. Ningeweza kusema sikuwa na njaa, lakini nilikula. Wewe hukula. Asubuhi kitanda chako kilikuwa kimetandikwa.

Usidhani nitakuambia sikuwa na sababu. Nilikuwa nayo, na ukisikia sababu ndipo utakapokasirika vizuri. Wiki ile ukoo ulikuwa unakaa kuamua habari ya kibanja. Kamugisha hayupo, baba yako hayupo, mimi ni mke wa kuja, na Ta Ishengoma ana watoto wa kiume watatu wanaotafuta mahali pa kujenga. Niliogopa. Nilisema moyoni, nikisema ni mimi, watasema mwanamke asiyeshika miiko ya ukoo hawezi kushika ardhi ya ukoo. Kwa hiyo nilipima. Migomba upande huu, mtoto upande huu. Nikachagua migomba.

Kibanja waliniachia. Nimekaa ndani yake miaka miwili natembea mgomba kwa mgomba, na sikuukuta hata mmoja unaoniita bibi.

Na uongo ule ulikuwa rahisi, Kokugonza. Hilo ndilo ninalotaka ulichukue Tabora, mengine yote yaache hapa. Haukunitoka kwa shida. Ulitoka kama mate, kwa sababu kinywa kilikuwa kimezoea. Nilianza kwa kujificha mwenyewe ndani ya koti la mtu niliyempenda, nikaona ni utani. Nikajificha nyuma ya mafunjo, nikaona ni akili. Mtu akishazoea kujificha mwenyewe, kumficha mwingine hakumpi kazi. Huko uendako utafanya kazi usiku kucha na atasifiwa mwenzako. Utaona ni jambo dogo. Utaona ni upole. Mimi sikuambii ugombane na kila mtu. Mimi nilikuwa mpole, na umeona upole wangu ulikofika.

Sasa nikupe habari ambayo hata shangazi yako hana.

Mwezi uliopita vijana wa Ta Ishengoma walivuta chandarua mtoni. Chandarua cha mbu, kile cha kulalia, wameviunga viwili viwili. Waliburuta kuanzia darajani mpaka kwenye kona yetu, wakatoa kila kitu, furu wenye watoto mdomoni, vitoto vya perege vya ukubwa wa kucha. Vilivyokuwa vidogo mno walivimwaga kwenye nyasi. Nilikwenda nikavitazama. Na hakuna aliyeitwa kwenye kiti. Hakuna aliyeulizwa nani amemfundisha.

Nikarudi nyumbani nikakata ufito mpya. Mrefu, mzima, bila kiungo. Kesho yake saa nne asubuhi, kila mtu akiwa anavuka kwenda gulioni, nikaenda nikakaa darajani. Si kwenye kona. Si nyuma ya mafunjo. Pale pale darajani, kwenye jiwe, na gauni langu la maua.

Ta Ishengoma akaja na fimbo yake.

"Shemeji," akasema, "unafanya nini hapo?"

"Nafua."

"Unafua kwa ufito?"

"Nguo zenyewe ziko mbali."

Watu wakaanza kusimama. Akashusha sauti. "Mambo haya tuliyamaliza mwaka juzi."

"Uliyamaliza wewe na tumbo lako. Perege wanne, na miiba ukaniachia nifagie."

"Kumbe ni wewe uliyemfundisha yule mtoto."

"Ni mimi. Na kabla yake nilimvulia kaka yako miaka sita. Yule mwenye koti uliyekuwa unampungia mkono kutoka hapa darajani ulipo, ukisema kaka ana moyo, alikuwa mimi. Ulinipungia, nami nikakupungia. Ulilia msibani kwa ajili yangu, shemeji, nami sikukushukuru. Asante."

Kokugonza, alisimama kama nguzo ya umeme. Nilimhurumia kidogo. Alimpenda kaka yake, na nilimnyang'anya kitu mbele ya watu. Akasema, taratibu, "Kaka alikuwa anashuka mtoni."

"Kaka alikuwa na mguu juu ya kigoda."

Akasema ukoo utakaa tena kahawa ikishavunwa, na kibanja cha kaka yake hakiwezi kubaki mikononi mwa mwanamke wa namna hii. Nikamwambia ukoo ukae, mimi nitasimama. Na wakati huo huo kiboya kikaenda upande, kama mtu anayeondoka bila kuaga. Nikamwinua. Perege, mpana kama kiganja na nusu, tumbo la njano, anapiga mkia.

"Huyo mkubwa," akasema Ta Ishengoma.

Kabla hajajizuia. Ilimtoka tu. Kisha akakasirika upya, akaondoka, na fimbo yake ilikuwa inapiga njia kama inaidai. Ma Adela hapa anacheka mpaka mwandiko unayumba, utauona.

Basi mambo yako hivyo. Kahawa itavunwa, watakaa. Inawezekana watanitoa. Nimekwenda kwenye baraza la ardhi la kata, nikamweleza yule kijana wa pale, akaniambia siku hizi sheria si ile ya wazee, mjane ana haki, nilete majirani wawili wa kushuhudia. Ma Adela ni mmoja. Anasema aliogopa, lakini amekubali, na ameandika mwenyewe kwamba aliogopa. Mwingine nitampata. Wakishinda wao, watanibeba na mkeka wangu, na mimi si mwepesi.

Sikuandikii uje unipiganie. Ardhi hii nimeilima kabla mama yako hajajua kutembea, nitaitetea kwa mdomo wangu. Usikose meli kwa ajili yangu. Nenda kwa wagonjwa wako. Usiache kazi, usiombe ruhusa, usimtume shangazi yako na maneno ya kunituliza. Sijasema nimetulia.

Na sikuombi unisamehe kwenye barua. Msamaha wa kwenye barua ni wa bei rahisi, anayeutoa hauoni uso wa anayeupokea. Tena nimemwambia Ishengoma mbele ya watu wa gulio, lakini wewe hukuwepo. Nilikukana ukiwa umesimama mbele yangu. Kukukiri nyuma yako si malipo, ni nusu tu, na mimi nimeishi na nusu nusu vya kutosha. Kama huna hamu ya kuniona, kasirika, lakini kasirika ukija. Hasira ya mtu aliye Tabora mimi nitaifanyia nini?

Nakupenda. Ma Adela anasema wazee wa kwetu hawasemi hivyo. Basi nimesema, andika. Nilikupenda ukiwa na meno mawili hayapo, nilikupenda siku ile ya perege tisa nilipofungua kinywa na kukutupa, na ndiyo maana sijui mpaka leo mapenzi yale yalikuwa yamejificha wapi dakika ile. Likinijia jibu nitakuambia.

Sasa nisikilize, haya ndiyo maagizo.

Utakapopata likizo yako ya kwanza, usije usiku, na usije siku ya kazi ukapita vichochoroni. Njoo Jumapili. Shuka barabarani juu, pale kanisani, misa ya pili ikiwa inatoka, watu wote wakiwa wamesimama nje wanasalimiana, wazee wa ukoo wakiwa na makoti yao. Nitakuwa nakusubiri hapo na fito mbili. Utachukua wako utauweka begani, tupite katikati yao polepole, mimi mbele, wewe nyuma, mpaka mtoni. Usimsalimie mtu kwa kuinamisha uso. Na yeyote akiuliza nani alikufundisha, wewe nyamaza. Jibu ni langu.

Bibi yako